Mlango wa Kijani wa Zahanati

Mume wangu ni seremala, na ukimweleza shida yako usishangae akatoa futi akaanza kukupima. Bibi wa nyumba ya nyuma alipoteleza bafuni, kesho yake alikuta kishikio cha mbao ukutani, kimepigwa msasa vizuri. Mwalimu wa chekechea alilalamika kwamba watoto hawafikii ubao, mume wangu akaenda kuushusha. Dunia nzima huwezi kuipiga randa, huwa namwambia, naye hucheka tu.

Zahanati ya mtaani kwetu ilikuwa na ukumbi mmoja wa kungojea. Watu wanaochukua dawa za virusi, zile ambazo mtu huzinywa maisha yake yote na hapendi jirani ajue, walipanga foleni moja na wenye homa na watoto wanaolia. Walishinda pale kutwa kwa shughuli ya dakika mbili. Jambo hilo lilimkera mume wangu, akaenda kwa muuguzi mkuu na mchoro wa mlango wa pembeni, wa wao peke yao, na benchi barazani wapate upepo. Muuguzi akaupenda, na mwenyekiti wa mtaa pia. Mimi niliulizwa rangi, nikasema kijani, inapumzisha macho. Wenye kulikalia hilo benchi hawakuulizwa na mtu.

Mlango ukafunguliwa kwa makofi. Mwanzoni benchi lilijaa, kisha watu wakaanza kupungua. Mume wangu alifurahi, akidhani huduma imekuwa ya haraka kiasi kwamba watu hawana haja ya kukaa. Mimi cherehani yangu iko kwenye baraza linalotazamana na zahanati, na macho hayana pazia. Nilimwona kila aliyepita.

Sasa nimseme wifi yangu, mdogo wake wa mwisho mume wangu. Ni msusi, na ulimi wake ni mkali kuliko kitana chake. Hatukutani bila kutaniana. Mwaka ule alianza kukonda. Alisema ni malaria, halafu akasema ni uchovu, halafu akaacha kufungua saluni. Jumapili moja mchana tulimkuta amelala, midomo imekauka. Mume wangu alipouinua mto ili amkalishe, akakuta kopo la dawa, tupu, lenye lebo ya zahanati.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kunywa, miaka sita. Kuacha, miezi minne."

"Na zahanati si hiyo hapo?"

"Kaka, nitapitaje mlango wako?"

Mume wangu alikaa sakafuni. "Lakini nani anaangalia, mdogo wangu? Watu wana shughuli zao."

Wifi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Muulize mkeo," akasema.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa mkekani, kati ya magoti yake, ananisuka, nami kwa raha zangu namsimulia nani na nani wamepita kijani wiki ile. Wateja wengine walikuwapo, tukacheka. Vidole vyake vilisimama kidogo kichwani mwangu, nikadhani nywele zimefungana. Kisha akaendelea, na alipomaliza nilimsifu kwa mistari iliyonyooka.

Nilimweleza mume wangu yote palepale, bila kupunguza. Niliona aibu hadi nikashindwa kuinua uso.

Mume wangu akachomoa penseli sikioni, kama kawaida yake. Wifi akamnyang'anya. "Safari hii nachora mimi." Akachora nyuma ya kalenda: mlango mmoja wa watu wote; ndani, vyumba vitatu visivyo na tofauti, kila mtu aingie kilicho wazi; na dawa zote, hata za kikohozi, zitoke kwenye mifuko ya aina moja.

"Na benchi?" kaka yake akauliza.

"Liingie ndani. Upepo wako tumeshapigwa nao vya kutosha."

Kurudi kwenye dawa alikubali kwa sharti moja: nimpeleke mimi, kesho, mchana, kabla mlango haujang'olewa, na niketi naye barazani hadi aitwe. Nilikwenda. Alinilalia begani. Mteja wangu mmoja alisimama ng'ambo ya barabara na kitambaa chake mkononi, akatutazama, kisha akaenda zake na kitambaa chake.

Wiki ile mume wangu aling'oa mlango, akaziba pengo kwa matofali na kuupaka ukuta rangi moja. Vyumba vitatu vilimchukua mwezi. Wifi alipoanza tena kula na kunitukana, mimi na mume wangu tulikwenda kwa muuguzi mkuu kuuliza kuhusu wengine.

"Baadhi wamerudi," akasema. "Kumi na mmoja bado."

"Nipe majina," mume wangu akasema. "Nitawafuata nyumbani, mmoja mmoja, niwaombe radhi. Niwaambie mlango haupo tena."

Muuguzi akafunga daftari lake, akaliwekea mkono juu. "Fundi, mtaa mzima unajua nani alijenga mlango ule. Ukibisha hodi kwa mtu, majirani watajua umefuata nini."

Tulirudi nyumbani tukimwamkia kila tuliyepishana naye, mkubwa kwa mdogo, kwa upole kuliko kawaida yetu, maana hatukujua ni yupi ambaye bado hajarudi.