Mlango wa Kijani
Naeleza haya huku nimejifunika uso. Juzi nilikwenda Kismayo kupiga picha makao ya watoto, ambapo kila nyumba ina mama mmoja anayelea yatima kama wanawe. Wafadhili walitaka kuona maisha yao ya kila siku.

Nikaelekezwa mlango wa kijani. Mama mmoja akanipokea kwa bashasha.

“Karibu! Dada yangu wa Mombasa alisema atatuma mchu awapige watoto picha.”

Nikaelewa “mchu” ni mtu kwa lahaja yake, nikadhani huyo dada ni mkuu wa makao. Basi nikawapiga picha watoto wakila, wakifua, wakisoma Kurani, nami nikajiona bingwa.

Mwisho nikamwinamia binti mdogo, nikamuuliza kwa huruma, “Unamkumbuka mama aliyekuzaa?”

Akanishangaa. “Si yule anayekaanga samaki?”

Mama akageuka, mwiko mkononi. “Kwani wewe si mchu wa dada yangu?”

Nikakiri yote, nikaahidi kuzifuta picha, nikingoja mwiko utue kichwani. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Makao ni mlango wa pili, mwanangu. Na picha usizifute, mtumie dada yangu!”