Kahawa Nyuma ya Dalia

Kahawa ikichanua, mteremko mzima wa Nkubu hunukia, na watu wasioijua shida husimama barabarani wakavuta pumzi na kusema hapa ni peponi. Mimi sisimami. Harufu ile huja siku chache baada ya mvua ya kwanza, nzito, tamu kiasi cha kukera, hukaa siku mbili tatu kisha maua meupe hunyauka yakawa na rangi ya kutu. Mwaka mmoja, nilipokuwa darasa la tano, ilikuja kabla ya mvua, na ilitoka mahali pamoja tu, kwenye bustani ya maua ya mama yangu. Ndiyo iliyotutoa nyumbani. Wenzangu wakianza kusimulia utoto wao husimulia maziwa na ndizi za kuchoma. Wangu ulijaa maua, na sitamani kuurudia hata kwa siku moja.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili, akatuacha mama, mimi na mdogo wangu Kananu katika nyumba ya mbao juu kidogo ya kijito. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati kamati za mashamba zilipokuwa zikipita mteremko baada ya mteremko, zikipima ardhi na kuandika kila kipande jina la mwenyewe. Kwetu zilikuwa hazijafika. Shamba lilikuwa la babu, halijagawanywa, na babu alikuwa ametangulia zamani. Akabaki baba mdogo, Baba Kirimi, mwenye wana wanne na kahawa iliyoshuka mpaka karibu na mlango wetu. Mama hakuwa na mtoto wa kiume, na isitoshe alikuwa mtu wa kuja, ametoka Mbeere, upande wa Siakago, ambako mvua ni ya kubahatisha. Wifi zake hawakuchoka kumkumbusha kwamba kwao mbuzi wanashindania miiba. Sasa kwetu, anayepanda kitu cha kudumu, mti au kahawa, anasema kwa mkono kwamba ardhi ni yake. Anayekaa kwa hisani hupanda kinachokufa na msimu, basi. Tulipomaliza mazishi, baba mdogo alikuja na mguu mzima wa mbuzi, akakaa, akala nasi, akamwambia mama kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, alime mahindi yake na maharagwe yake, hata maua kama anayapenda, ila asipande mti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mbaya unamlaani, unalala.

Mama alianza bustani mvua za Oktoba za mwaka huohuo. Alifagia uwanja mpaka ukawa laini, akachukua kijiti na kuchora: hapa njia, hapa mstari wa mbele, hapa wa kati, hapa wa nyuma kuelekea kijito. Akaweka kijiwe kwa kila shina. Mimi nilichukulia kwamba huzuni imempanda kichwani, na majirani walisema hivyo waziwazi, kwa sababu maua kwetu yalikuwa mambo ya misheni na ya makaburi. Nani aliyewahi kula ua? Lakini alikwenda kuomba vipandikizi kila mahali. Majina yake hatukuyajua, isipokuwa dalia, alizeti na waridi, kwa hiyo kila ua lilichukua jina la aliyetupatia. Kulikuwa na ua la masista, la rangi ya machungwa, linalonuka ukilipondaponda. La mke wa mchungaji, jembamba, linalotikisika hata bila upepo. Na la yule muuza nyama Mwislamu wa sokoni, lenye majani mapana kama ya mgomba na maua mekundu ya damu. Mama alicheka siku tuliyopewa lile, akasema hata mchinjaji ana moyo wa bustani. Sikumbuki vicheko vyake vingine vingi vya miaka ile.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, kwa maana mimi ndiye niliyechota maji. Mama alikuwa akimchumia baba mdogo kahawa, na chini ya mikahawa ile, punje zilizoanguka zilikuwa zimeota zenyewe, vimche vyenye majani mawili ya mviringo, vinavyong'olewa na kutupwa kila palizi. Jioni moja alirudi na kama kumi hivi ndani ya kitambaa chake cha kichwani, mizizi ikiwa bado na udongo. Akavipanda mstari wa kati, kimoja kwa kila kijiwe. Kisha akaniketisha na kunieleza yote kama unavyomweleza mtu mzima. Kamati ikifika itaandika inachokiona kimesimama. Kahawa ikisimama imesimama; serikali haipendi ing'olewe, na baba mdogo hatathubutu kuigusa. Kazi yetu ilikuwa kuificha mpaka siku hiyo. Mwanaume mzima hakuwa akiinama kutazama maua, na mama aliitegemea hiyo aibu yao kuliko alivyotegemea ukuta. Kwa hiyo mjue kwamba bustani ile, ambayo watu walikuja kuiona Jumapili baada ya kanisa na kuisifia, ilikuwa na jambo moja tu ndani yake, nalo ni kama tutakuwa na kwetu au hatutakuwa nako.

Kila msimu ilibidi ipangwe upya, kwa kuwa kahawa haikujua kwamba inafichwa, yenyewe ilikua tu. Mvua za kwanza ua la masista lilitosha kuifunika. Mvua za Machi lilikuwa fupi tayari, tukalihamisha mbele na kuleta dalia, tukazifunga kwa kamba za mkonge ili zisilale. Ulipoingia ule ukungu wa Julai unaotia baridi hadi kwenye mbao za kitanda, dalia zilioza shina, na kwa majuma kadhaa mama hakulala vizuri. Alichomeka matawi ya miti pengo kwa pengo, akasema ni ya kutambaza maharagwe. Oktoba tukarudisha dalia nyuma, tukapanda alizeti pande zote mbili. Mwaka uliofuata hata alizeti hazikutosha, na lile ua la muuza nyama, ambalo mwanzoni tulilitupa pembeni kwa sababu ya ukali wake, ndilo lililopewa mstari mzima. Nilijifunza kupanga bustani mapema mno: kirefu nyuma, kifupi mbele, kinachochanua mapema karibu na kinachochelewa, ili pasiwe na wiki moja ya uwazi. Wageni walimwambia mama ana mkono wa baraka. Alishukuru, akawageuza watazame mstari wa mbele. Mimi nilianza kuyachukia yale maua. Niliyachukia kwa kuwa mazuri, kwa kuwa walinzi wabovu, na kwa kututaka tuyabembeleze ndipo yatusitiri.

Habari ikaja kwamba kamati iko ng'ambo ya kijito na itavuka kwetu baada ya Pasaka. Ulikuwa mwezi wa pili, kiangazi kikavu, vumbi limekaa kwenye majani ya ndizi, na mikahawa ya mteremko mzima imejikunja ikingoja mvua. Maua yetu yalianza kusinyaa. Mama aliona yakifa sasa kahawa itabaki uchi mbele ya macho ya watu, majuma machache tu kabla ya siku yenyewe. Basi tukamwagilia. Maji ya kuoshea vyombo, maji ya kufulia, maji ya kumwogeshea Kananu, na juu yake madebe niliyopandisha kutoka kijitoni mpaka shingo ikauma hata nikishika kalamu. Maua yakasimama tena, tukajipongeza. Hatukufikiria, si mama, si mimi, kwamba mkahawa uliokaa kiangazi ukipata maji hudhani mvua imeanza. Mtoto yeyote wa Nkubu anajua hilo. Kwa mvua tulilijua. Kwa madebe hatukulijua. Asubuhi moja niliamka kwa harufu. Nilitoka nje nikamkuta mama amesimama katikati ya alizeti na nguo ya kulalia, akichuma maua meupe kwa mikono miwili na kuyatia kwenye karai, haraka haraka, pamoja na matumba ambayo hayajafunguka. Kila aliyoyachuma yaliacha mengine. Nikaingia tukachuma pamoja. La kuvunda halina ubani. Mteremko mzima ulikuwa mkavu, hauna hata ua moja, na upepo wa asubuhi ulipanda kutoka kwetu kwenda kwa baba mdogo.

Hakuja kwa fujo. Alikuja na fimbo yake, akasimama kando ya bustani, akavuta pumzi kama mgeni wa Jumapili, akaenda zake. Kamati ilipofika, baada ya Pasaka kama walivyosema, wazee walikalia benchi tulilowatolea nje, na karani akafungua meza yake. Mwenyekiti alikuwa Mzee M'Ikiara, aliyewahi kuchunga mbuzi na babu. Waliiona kahawa, wakaizunguka, wakaona kweli imesimama. Kwa dakika chache nilidhani tumeshinda. Ndipo baba mdogo akasema, kwa ile sauti yake ya kutuliza ng'ombe, "Wazee, mimi sina ubaya na huyu mama. Mumuulize tu miche alitoa wapi."

Mzee M'Ikiara alimgeukia mama. Naapa alitaka kutusaidia. Alisema, "Mama Gatwiri, ninaona kama hii kahawa ni marehemu aliipanda, kabla Mungu hajamchukua. Si ndivyo?"

Ilikuwa imebaki mama aseme ndiyo. Baba alikufa miezi michache tu kabla ya mvua zile za kwanza. Nani angeujua umri wa mkahawa kwa miezi? Hata karani aliinua kalamu. Mama alinitazama mimi, akamtazama Kananu, akaweka mikono yake juu ya leso. "Hapana, mzee," akasema. "Niliipanda mimi. Miche nilitoa chini ya kahawa ya Baba Kirimi."

Mbegu ni ya mwenye mti. Hilo nalo kila mtu alilijua, na hapakuwa na mjadala. Kahawa ikaandikwa ya baba mdogo, na ardhi iliyoibeba ikaifuata kahawa, na nyumba ikafuata ardhi. Mama alikuwa amemjengea shemeji yake ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, msimu baada ya msimu, na mimi nikachota maji. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli ilitufikisha Siakago. Nimekwenda kanisani miaka yote tangu hapo, nimehubiriwa juu ya ukweli mara zisizo na idadi, na sijamsamehe mama kwa lile neno hapana. Nampenda, ninamtunza, lakini sijamsamehe. Baba mdogo alisema tukae mpaka tuvune maharagwe. Siku ya kuondoka alitubebea kitanda mpaka barabarani, akamwambia mama, "Maua chukua yote. Hayo ni yako kabisa." Alimaanisha wema, na mama akamshukuru.

Mama aliyachukua kweli, vipandikizi na mbegu ndani ya magunia yaliyoloweshwa, akayapanda kwa kaka yake huko Mbeere, kwenye udongo mwekundu unaopasuka. Ua la masista lilichanua mara moja. Dalia zilitoa majani zikakauka. Kaka yake naye, kabla ya msimu kwisha, alimwambia kwa upole, kwa maana wote walikuwa wapole, kwamba binti aliyerudi nyumbani asipande miembe. Mama alichukua kijiti akachora uwanjani mstari wa mbele na wa kati, akatazama, akafuta kwa mguu. Sikumwona akichora tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Leo nina duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Embu, na kipande cha ardhi nje ya mji kidogo, chenye hati, na hati ina jina langu peke yangu. Sheria sasa haiulizi kama umezaa wana au mabinti, na wanangu wa kike wanacheka nikiwasimulia habari ya kinachokufa na msimu. Wanadhani ni mila za watu wa kale sana, kumbe ni za huyu bibi yao anayewasuka nywele. Mama nilimchukua alipozeeka. Nilimletea miche ya waridi, ya parachichi, ya kila mti wa kudumu ulio kitaluni, nikamwambia apande popote apendapo. Aliipokea kwa mikono miwili. Alichora siku nzima. Kisha akaipanga yote kando ya ukuta, mirefu nyuma, mifupi mbele, ikiwa bado ndani ya mifuko yake ya kitaluni, na humo ndimo ilimo mpaka sasa. Mifuko ikichakaa huipandikiza kwenye ndoo na mikebe. Waridi huchanua humo. Wageni humsifia. Nilimwambia, "Mama, hapa ni kwetu, hati nimekuonyesha." Akajibu kwamba ameiona, ni hati nzuri. Mvua zikikaribia huanza kupanga upya, na mimi hujitia kazi ndani ya nyumba ili nisimwone. Huinua mche mmoja mmoja, na mizizi iliyotoboa chini ikaingia udongoni huikata kwa kisu cha jikoni, polepole, asiuumize mti.