Kabla ya Kupiga Yowe

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi kirefu, huku kwetu Shinyanga, mbuga zote zimekauka. Majani yaliyobaki yalikuwa ndani ya ngitili yetu, hifadhi ya malisho ambayo baba zetu waliifunga tangu masika ili ng'ombe wasife njaa. Keti, mwanangu. Jana nilikuona ukinoa panga, ukaniambia ni la kukatia miba. Mimi ni mzee, si kipofu.

Dada yangu Minza alikuwa ameolewa kijiji cha jirani. Siku chache kabla, mumewe Luhende alikuja kwetu, akavua kofia mbele ya baba.

"Shikamoo, baba. Ng'ombe wanakufa. Naomba nyasi, hata kidogo."

Baba akaitikia, akamwambia asubiri wazee wakae. Wazee wetu kwa kukaa walikuwa hodari; kuinuka ndiko kulikowashinda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la ng'ombe halijui kikao.

Basi mchana ule kaka yangu Shija akaona ng'ombe ndani ya ngitili, akapiga yowe. Unajua yowe kwetu: asiyelikimbilia huhesabiwa mwizi. Wanaume wakatoka kila upande na fimbo na mapanga. Mimi, msichana mwenye ndoo kichwani, nilimtambua dume aliyetangulia, mwenye baka jeupe usoni. Nikawaambia ni ng'ombe wa shemeji. Nikarudia hadi sauti ikanikauka. Yowe likishapigwa halirudi mdomoni, na hakuna aliyenisikia.

Luhende hakukimbia. Nadhani aliamini wakwe hawawezi kumpiga. Alikata roho kabla jua halijazama.

Bibi yetu alipopata habari alimwita Shija, akamketisha mbele yake.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "nyasi zitaota tena. Luhende haoti."

Mvua ilinyesha baada ya matanga. Nyasi zikafika magotini, ng'ombe wetu wakanenepa, nami nilizichukia nyasi zile. Minza hakurudi nyumbani tena, hata baba alipozikwa. Husemwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kwetu nyasi ndizo zilizowapiganisha watu.

Sasa hali ya hewa imegeuka, mwanangu, nami naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile. Mvua inakuja ikipenda, na ikija inabomoa. Miti ya ngitili imeishia kwenye mashimo ya dhahabu, kuzuia udongo usiporomoke. Vijana mmerudi kutoka machimbo ya Nyarugusu mikono mitupu, na hasira mmekuja nayo. Nasikia mnasema watu wa ng'ambo, wa kijiji kile cha jirani, wanatumalizia maji ya lambo, bwawa letu la kunyweshea ng'ombe. Hao watu wa ng'ambo ni wajukuu wa Minza.

Kwa hiyo sikia. Usipige yowe kabla hujaenda kutazama ni nani. Ukiombwa maji, jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni nusu ndoo. Nendeni mkapange zamu na wale ndugu zenu lambo lingali na maji, maana likikauka hamtapanga, mtapigana. Hilo panga liache hapa, chini ya kitanda changu.

Mvua siwezi kukuahidi. Mungu akujalie mikono isiyomwaga damu, na ukifikia umri wangu usiwe na yowe la kukumbuka.