Gauni Lililokataa Kupiga Magoti

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alhamisi, tarehe mbili Julai, miaka thelathini iliyopita. Pamba ilikuwa imeuzwa, harusi zimejipanga kila Jumamosi, nami nilikuwa fundi cherehani hapa Bariadi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Sikuwa nimemaliza darasa la saba, lakini nilijiona nimemaliza yote. (Shule niliimaliza ukubwani, baada ya kumzika mume wangu. Cheti kipo ukutani, nawe umekiona.)

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeingia banda la video nyuma ya stendi. Ilionyeshwa filamu ya kuchekesha kuhusu mbunifu wa mavazi wa Ulaya, bwana mwenye mbwa mdogo kwapani. Alitoa gauni jembamba kama bomba, kuanzia nyonga hadi vifundoni, na wageni wakubwa wakasimama kumpigia makofi. Mtafsiri wetu akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Hii si nguo, mabibi na mabwana, ni wazo!" Banda zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka; nilikuwa natazama mishono. Filamu ilipofika katikati, jenereta likaishiwa mafuta, tukatawanyika.

Kesho yake akaja Kabula, bibi harusi, na satini yake nyeupe. Alitaka gauni la marinda kama la dada yake. Nikamwambia aniachie mimi. Nikamkatia bomba.

Alhamisi hiyo alikuja kujaribu. Alipotoka nyuma ya pazia nilipiga makofi, peke yangu. Mara bibi yake, Mayu Ngolo, akaingia. Nawe unajua, kwetu mwanamke humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," Kabula alimwamkia kwa Kisukuma, akainama. Satini ikamshika. Akajaribu kwa upande, akapepesuka, akaikumbatia cherehani yangu.

"Leo bibi anasalimiwa na nguzo ya simu!" alisema fundi mwenzangu, Mama Rose, akicheka hadi sindano ikamdondoka.

Kabula hakucheka. Machozi yalimtoka. "Keshokutwa nitawasalimuje wakwe zangu? Siku ya kwanza tu, waseme sina adabu?"

"Bibi, hii ndiyo mitindo ya Ulaya," nilijitetea.

"Na huko Ulaya wakwe hawasalimiwi?" Mayu Ngolo aliketi, akanitazama bila hasira, akaniita mama kama binti yeyote huitwa kwetu. "Mayu, ulimpima kiuno, ukampima mabega. Kazi atakayoifanya Jumamosi, uliipima?"

Satini ya kuongezea ilikuwa imekwisha. Bibi yule akafungua kanga aliyojitanda, nyekundu, mpya, akaiweka mezani pangu. Nilifumua mishono ya pembeni, nikapachika vipande vya pembetatu kutoka gotini hadi chini. Jumamosi Kabula alipiga magoti mara saba mbele ya wakwe zake, nilihesabu, na kila alipoinama wekundu ule ulifunguka, vigelegele vikapanda. Baada ya hapo mabibi harusi walikuja wakitaka "la Kabula". Nimelishona miaka mingi, na ada ya shule yangu ya ukubwani ilitoka humo.

Jumapili moja, mwezi uliopita, mjukuu wangu alinionyesha filamu ile kwenye simu, nzima. Kumbe mwishoni yule bwana anavaa bomba lake mwenyewe, anashindwa kuketi katika karamu yake, anakula amesimama huku wageni wakiendelea kumpigia makofi! Nilicheka hadi nikafuta miwani. Filamu ilikuwa inawacheka watu kama mimi, nami niliichukulia kuwa somo la ushonaji.

Walioielewa mapema ni wale waliocheka bandani. Neno lile la mtafsiri halijaondoka mjini hata leo: mtu akiletewa chai ya maji maji husema, "Hii si chai, ni wazo," na vijana wanaolisema wengi hawajaiona filamu.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukionyeshwa jambo linaloshangiliwa, subiri uone linaishaje, na sikiliza wanaocheka, huenda wameona usichokiona. Na kabla hujakata kitambaa cha mtu, muulize kwanza anakwenda kufanya nini akiwa amekivaa. Ukikosea, fumua, usione haya kupokea kanga ya aliyekukemea.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa na wakubwa wasioona tabu kukurekebisha. Na kila utakalolivaa likuachie nafasi ya kupiga magoti, kucheza, na kuketi mezani na watu wako.