Kopo la Uzi Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Timau, sikupewa kazi. Nilipewa kopo kuukuu la kakao, na ndani yake vipuri kumi na viwili vya elektroniki, kila kimoja kimefungwa kipande cha uzi. Baridi ilikuwa ya kukata vidole. Fundi Mkuu, mzee aliyevaa makoti mawili, akaweka mita ya mshale mbele yangu.

"Gakii, hizi za uzi mwekundu zilikufa. Za uzi mweupe ni nzima. Pima."

"Nipime nini, na majibu unayo tayari?" Mdomo nilizaliwa nao.

"Pima mita," akasema. "Hiyo ndiyo mimi sijui."

Kazi yetu ilikuwa kutunza fensi za stima zinazowazuia ndovu wasitoke msituni na kuingia mashambani. Ndani ya mashine ya fensi kuna kapasita inayojaa umeme kama tangi la maji. Kisha kuna thairista, ndugu mkubwa wa transista, ambayo ni lango: hufunguka ghafla na umeme wote humwagika kwenye waya. Kabla ya kupima chochote humo, unamaliza kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, la sivyo unaunguza kipimo au unaungua wewe.

Fundi Mkuu alipostaafu aliniachia kopo lile. Kila nilipotaka kipimo kipya cha mkononi nilienda nalo dukani. Je, kinatambua miguu ya transista bila kuambiwa? Kinaijua kapasita iliyokauka lakini inajifanya nzima? Betri yake ikichoka, kinasema au kinaanza kubuni? Wauzaji wa Meru mjini walikuwa wakiniona wanaguna, "Mama wa kopo amekuja." Nilicheka na kuendelea kupima, maana hakuna raha kama kukikamata kipimo kikisema uongo.

Baadaye nilihamishiwa Runyenjes, chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana aliyependa ripoti fupi. Miaka hiyo ndipo vilipofika vipimo vidogo vyenye kioo. Unachomeka kipuri, unabonyeza, kinakuchorea picha yake na kukutajia miguu. Nilikitamani kama mtoto! Lakini duka lilikuwa limejaa vijana wenye simu nzurinzuri, nami nikaona haya kutoa kopo lenye kutu. Nikakinunua hivyohivyo. Nyumbani nilipima transista zote za redio yangu mbovu, na kikapata kila moja. Nikakiamini kabisa.

Wiki hiyohiyo fensi ya kule Kanja ikanyamaza. Shamba la kwanza chini ya msitu lilikuwa la Mama Wawira, mjane, na mahindi yake yalikuwa yamebakisha siku chache tu yavunwe. Ndiyo yangewalisha yeye na wajukuu hadi msimu mwingine. Nilifungua mashine, nikatoa thairista, nikapima. Kioo kikasema imeharibika. Nikapima ya akiba: imeharibika. Ya tatu nayo vivyo hivyo. Mtu mwenye akili angejiuliza zimewezaje kufa zote tatu. Mimi nilimlaani muuzaji wa vipuri.

"Tungoje spea kutoka Meru, Mama. Siku mbili tu."

"Mimi nitangoja," akasema. "Lakini ndovu, nani atawaambia?"

Asubuhi ya pili hapakuwa na mahindi. Kulikuwa na mabua yaliyolazwa na nyayo pana kama karai.

Nilikaa pale kwenye tope nikaanza upya, kwa njia ya Fundi Mkuu: betri, balbu ya tochi na waya. Nikaugusisha waya kwenye mguu wa thairista unaofungua lango. Balbu ikawaka, na nilipoondoa waya ikaendelea kuwaka, kama inavyopaswa. Zote tatu zilikuwa nzima. Kipimo kile kilitoa umeme mdogo mno, hakingeweza kushikilia wazi lango kubwa kiasi hicho, kikaita kifo kile kisichokiweza. Nikachomeka kapasita, nayo ndiyo nilikuwa sijaiuliza. Ndani ya sekunde chache kikaniambia imekauka, na hapo kilisema kweli. Kapasita mpya nilikuwa nayo mkobani tangu mwanzo.

Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Niliona aibu, lakini nilimweleza Mama Wawira yote.

Akakitazama kile kidude. "Kwa hivyo hii ndiyo imekula mahindi yangu?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Akaokota bua lililovunjika. "Basi kesho ukuje na jembe. Hiyo kitu uiache nyumbani."

Nilienda na jembe. Msimamizi wa Kanda alitaka ripoti ya mstari mmoja, nikampa kurasa tatu na jina langu juu.

Sasa nimestaafu, na mafundi vijana huja kuniuliza wanunue kipimo gani. Kile kidogo bado ninacho, na ni kizuri kwa vipuri vidogo na kapasita. Lakini kwanza nawapa kopo waende nalo dukani, na nawaambia wasione haya. Vipuri sasa ni kumi na vitatu. Cha mwisho ni thairista ya Kanja, kubwa kuliko vyote, nayo ina nyuzi mbili: mweupe kwa sababu ni nzima, na mwekundu nilioufunga mimi, kwa kuwa niliamini imekufa.