Pikipiki Yenye Valvu Iliyolegea

Fundi yule hana masihara na injini. Lakini kila mwaka, asubuhi ya msafara wa pikipiki wa kuwachangia wenye ugonjwa wa kusahau, huilegeza valvu ya pikipiki yake makusudi, kidogo tu, akaipitisha kwanza kwa baba yake. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi; siku hizi hamtambui. Fundi hupiga kiki, akafuta viganja kwenye suruali, akangoja.

Mzee hutega sikio. “Valvu imelegea hiyo, kijana. Nani kakutengenezea?”

“Fundi mmoja tu, mzee.”

“Kakuharibia. Mpelekee mwanangu. Yule injini zinamsikia.”

“Nitampelekea.” Wenzake barabarani huanza kupiga honi. Fundi huvaa helmeti, akaivua tena.

“Samahani, mzee. Umesema nimpelekee nani?”