Kompyuta ya Gemu Tuliyoiunga Mwamkulu

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya soko la Mpanda, nikanusa moshi wa lehemu, ile risasi laini mafundi wanayoyeyusha kuungia waya, na miguu ikasimama yenyewe. Fundi aliyekuwa amekaa pale hanijui wala simjui. Lakini moshi ule, rafiki yangu, ulinirudisha kijijini kwetu Mwamkulu, sebuleni kwa bibi, likizo ile nilipokuwa nimemaliza kidato cha pili na kaka yangu anasubiri kwenda chuo Mbeya.

Kabla ya kuondoka kaka alitaka kitu kimoja tu: kompyuta ya kuchezea gemu, atakayoiunga kwa mikono yake, kila kipuri akichague mwenyewe. Tulikuwa na kasha kuukuu lililotupwa na ofisi moja mjini. Tulilipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli mpaka kuku wa bibi wakatawanyika uani. Ndani mlikuwa na pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme kwenye mashine nzima. Halafu mwalimu wangu wa fizikia akatupatia prosesa aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, kibamba kidogo kama biskuti, akaniambia, "Huu ndio ubongo. Sasa katafuteni mazabodi, ile bodi kuu ya kubebea vipuri, itakayoukubali. Sio kila moja itaukubali."

Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko masomo yote ya mwaka ule. Jumamosi mwalimu alitufungulia chumba cha kompyuta cha shule, nami nikanakili kwenye daftari: prosesa hii inakaa kwenye soketi gani, RAM ya aina gani, inakula wati ngapi. Kaka hakuwa mtu wa kusoma, alikuwa mtu wa kupiga simu. Jioni tulikaa mkekani tukimenya karanga za bibi na kubishana juu ya vipuri ambavyo hatujawahi kuviona. Bibi, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe akiwa bado msichana, alituletea michembe ya moto, viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, akatusikiliza weee, kisha akauliza, "Nyie mnachagua redio au mnachagua mchumba?"

Mazabodi aliyoiagiza kaka kwa simu ilikuja na basi kutoka Mwanza, pamoja na RAM, imefungwa kwa magazeti ndani ya boksi la biskuti. Tuliifungulia mezani kwa jirani yetu, fundi wa redio, mzee aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilishika prosesa kwa ncha za vidole, nikalinganisha pembe zake na soketi. Ikashuka mahali pake bila kusukumwa. Fundi akapaka juu yake dawa nyeupe ya kupitisha joto, kidogo kama punje ya mchele, tukafunga feni.

Kisha RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Muuzaji alikuwa amemwambia kaka kwenye simu kwamba RAM zote zinaingiliana. Kaka akaiweka, akaisukuma, ikagoma. Akasukuma tena, mazabodi ikaanza kupinda.

"Acha, kaka. Utaivunja," nikamwambia. "Angalia mkato wake. Hii ni ya zamani, mkato uko pembeni zaidi. Haitaingia hata ukiikalia."

Alinitazama kama anataka kunizaba kofi, halafu akakaa chini kwenye magunia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aondoke.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya waliotoka Burundi. Kaka alikuwa amemfanyia kazi ya tumbaku msimu uliopita, na alikumbuka kwamba nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma, mchanga mwekundu ukitujaa hadi kwenye nyusi. Mama alitukaribisha kwa Kirundi na Kiswahili pamoja, "Bana banje, wanangu, karibuni," akatupa ugali wa muhogo na maharage, ndipo akatuonyesha mashine chini ya kitambaa. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa akichapa barua za watu. Radi ilikuwa imeiua.

"Chukueni vyote vinavyowafaa," akasema. "Ila picha za baba watoto zimo humo. Sina nyingine. Mkiweza kuzitoa, mniletee."

Nilifungua kasha, nikachomoa RAM, nikaangalia mkato. Ulikuwa wenyewe. Diski yenye picha nayo waya wake ulikuwa sawa na wetu. Tulirudi Mwamkulu kaka akipiga mluzi njia nzima, na mimi nimeikumbatia diski kifuani kama yai.

Ilibaki kadi ya picha, kipuri kinachofanya gemu ziende bila kukwama. Kwenye duka moja mjini kulikuwa na mbili. Kaka aliipenda ile kubwa yenye feni mbili. Ilikuwa nzuri, nakiri, hata mimi niliiota. Lakini nilipojumlisha wati kwenye daftari, pawa saplai yetu haikuzifikia. Ile ndogo ingetosha.

"Itavumilia," kaka akasema.

"Ikishindwa inaweza kuondoka na diski. Utamwambia nini yule mama?"

Kesho yake akampelekea fundi kesi hiyo, akitegemea wazee hawataungana na msichana wa kidato cha pili. Fundi alisoma hesabu zangu mstari kwa mstari, akavua miwani. "Mimi nimeunguza redio za watu kwa haraka zangu," akamwambia. "Msikilize mdogo wako."

Tukachukua ile ndogo.

Jumapili baada ya kanisa sebule ilijaa. Kaka alibonyeza swichi, feni zikazunguka, kisha mashine ikalia mlio mrefu na kioo tulichoazima kwa mwalimu kikabaki cheusi. Watu wakaguna. Nilijua mlio ule, nilikuwa nimeuandika kwenye daftari: RAM haijashika sawasawa. Nikazima, nikachomoa RAM, nikafuta meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha mpaka vishikizo vikalia tak, tak. Kaka akabonyeza tena. Kioo kikawaka.

Hatukufungua gemu. Mama wa Katumba alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Kaka alifungua picha, na mumewe akatokea amesimama katikati ya tumbaku, anacheka, mtoto begani. Mama hakulia. Alisogea karibu na kioo, akasema taratibu, "Shati hilo nililishona mimi." Bibi alimshika mkono, na watu wote waliokuja kutazama mpira wa kwenye kompyuta wakasubiri mpaka picha ya mwisho. Tulizinakili zote kwenye flashi, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Ndipo tukacheza. Tulicheza siku nane mfululizo, zamu kwa zamu, bibi akishangilia timu yoyote yenye jezi nyekundu. Siku ya tisa kaka akapanda basi la Mbeya.

Bibi ametutoka. Fundi naye. Pale kibandani kwake sasa wanauza vocha na kava za simu. Siku hizi ukitaka kuunga kompyuta unaandika majina ya vipuri kwenye simu, inakujibu papo hapo kama vitakubaliana, na sikatai, ni raha. Kaka yuko Dodoma, ana watoto watatu na suti. Tunapigiana simu, tunaulizana afya na mvua, na akiwa na jambo zito ananiarifu akishaamua. Simlaumu, ndivyo watu wanavyokua. Lakini zilikuwepo wiki tatu, rafiki yangu, ambapo kaka yangu mkubwa hakugusa hata skrubu kabla hajageuka kunitazama na kuuliza, "Tuiweke?"